Swichi ya Ukutani

Watu wa mtaa wa Chanji walimcheka Avelina. Mwanamke mzima, seremala mwenye jina lake mjini, anahangaika na msumeno wa mkanda uliolala miaka ishirini na mbili chini ya turubai, kuku wakitagia humo! La kuvunda halina ubani, walisema. Mnunuzi wa vyuma chakavu alishapita mara tatu na mizani yake. Avelina akaendelea kufunua turubai. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alikuwa na miaka kumi na minne siku msumeno ule ulipofanya kazi mara ya mwisho. Baba yake, mzee Polikarp, alikuwa akiuvalisha mkanda mpya, mkono wa kulia uko kwenye gurudumu la juu. Karakana ilijaa giza la mvua ya Januari. Avelina akaingia na uji wa ulezi, akapapasa ukutani awashe taa. Swichi zilikuwa mbili, zimekaa bega kwa bega. Akabonyeza ya msumeno.

Vidole vitatu vilikwenda. Hospitalini mzee aliwaambia watu kwamba aliwasha mwenyewe kwa haraka zake, na tangu hapo hakukanyaga karakana. Hakumlaumu mtoto hata kwa jicho. Laiti angemchapa! Ukimya ule ulimla Avelina moyo, na sasa baba ana miaka themanini, kifua kinambana, na yeye hajaomba msamaha.

Basi akasugua kutu mpaka chuma kikaonekana. Akayavika magurudumu mpira mpya, akatia beringi alizoagiza Tunduma, akafunga mota nyingine na breki ya mguu ambayo zamani haikuwapo. Mwisho akang'oa swichi ile ukutani, akaziba tundu kwa kipande cha mninga. Swichi mpya akaifunga kwenye mashine yenyewe.

Jumapili baada ya misa akamshika baba mkono. Mzee alisita mlangoni, kisha akaingia. Msumeno hakuutazama. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akapapasa kile kiraka cha mninga kwa vidole viwili vilivyobaki mkono wa kulia.

Avelina akapiga magoti. "Baba, siku ile ni mimi niliyewasha."

"Najua. Uji ulimwagika hapo mlangoni." Mzee akagusa tena kiraka. "Fundi umeme alitaka kuifunga swichi kwenye mashine. Nikamkatalia. Nikamwambia aiweke hapa kando ya taa, tuokoe waya. Mita nne tu, Avelina. Nilimtegea mwanangu mtego kwa mita nne za waya. Miaka yote hii nilidhani umenyamaza kwa sababu unalijua hilo."

Walilia wote wawili, bila kuoneana haya. Kisha mzee akajifuta uso, akaomba ubao. Avelina akauweka kwenye meza ya msumeno.

"Mikono yako iko wapi?" mzee akauliza.

Avelina akainyanyua yote miwili juu, baba aione. Mzee akaitazama kwa muda mrefu, ndipo akauwasha msumeno.