Buni Aliyoimeza Tata

Jumamosi, tarehe 9 Machi, 1957. Mvua ilinyesha kabla ya mapambazuko, kisha yakabaki manyunyu, na ukungu ukatanda juu ya migomba hata nyumba ya jirani isionekane. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Mungu mambo mawili tu: mvua ikatike ili Tata, baba yangu, aweze kutembea, na Nathanael ashinde.

Siku ile tulikuwa tunachagua mjumbe wa baraza la gombolola letu, yaani tarafa yetu, upande wa Muleba. Zamani mjumbe aliletwa kutoka ikulu ya Mkama, mfalme wetu, nasi tukaambiwa jina lake. Baadaye mkungu, mkuu wa kijiji, alitukusanya akauliza, “Mnamtaka?” tukapiga makofi, maana nani angesema hapana? Mara ya tatu tulipanga mistari, kila mtu nyuma ya amtakaye. Waliosimama nyuma ya aliyeshindwa walikuta migomba yao imefyekwa. Ndiyo maana safari hii serikali ilisema kura iwe ya siri.

Waliogombea walikuwa wawili. Kagaruki alikuwa amekaa barazani miaka mingi, naye alidai kwamba kibanja chetu, shamba letu la migomba, ni sehemu ya nyarubanja yake, ardhi ya kimwinyi aliyopewa na Mkama, kwa hiyo tuhame. Nathanael alikuwa fundi seremala, mtu wa kanisani kwetu, na alisema wazi kwamba hakuna mkulima atakayefukuzwa yeye akiwapo. Kesi yetu ilikuwa isikilizwe baada ya uchaguzi, na yeyote atakayeshinda ndiye atakayekaa kwenye kiti cha kuiamua. Babu yangu na mama yangu wamezikwa katika kibanja kile. Usiku kucha sikupata usingizi.

Manyunyu yalipokatika nilimshika Tata mkono. Jina lake Kashaija, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe. Alivaa kanzu yake ya sikukuu.

“Mzee Kashaija, umependeza! Unakwenda kuoa?” kijana mmoja alimtania kwenye foleni.

“Nikitaka kuoa nitamchukua mama yako. Amechoka na baba yako,” Tata akamjibu, na watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Karani wa uchaguzi alikuwa mgeni aliyeletwa kutoka mjini Bukoba, mtu wa pwani. Kwa kuwa wengi wetu hatukujua kusoma, aliamua kila mlipa kodi apewe buni moja kavu, aingie peke yake chumbani, aitie katika chungu cha Kagaruki, kulia, au cha Nathanael, kushoto. Ilitubidi kukunja mikono ya kanzu ili asiwepo wa kuficha nyingine. Alieleza yote kwa Kiswahili, haraka, mtu akishafika mezani, akakataza yeyote mwingine kusema hapo. Mimi nilielewa, kwa sababu ya masomo ya jioni kanisani; Tata hakujua Kiswahili. Nyumbani nilikuwa nimemweleza Tata habari za vyungu, lakini habari ya buni hatukuwa tumeisikia.

Nilipiga kura yangu, nikatoka, nikasimama ukutani. Zamu ya Tata ikafika. Karani, kwa heshima ya mvi zake, aliinuka na kumpa buni kwa mikono miwili.

Kila Mhaya anajua maana yake. Mgeni akifika nyumbani hupewa akamwani, buni iliyopikwa na majani yenye harufu nzuri, naye huitafuna mbele ya mwenyeji. Kuikataa ni kumtukana. Tata akapokea kwa mikono miwili, akainama, akasema kwa heshima, “Waitu,” akaitia mdomoni.

Nilifungua kinywa. Mkungu akaninyooshea kidole ninyamaze. Ee Bwana, nikasema moyoni, aiteme. Tata alitafuna, akakunja uso, akatafuna tena, akameza.

“Haikuiva,” aliniambia alipofika ukutani. “Lakini ya mgeni haitemwi. Sasa hiyo kura iko wapi?”

Karani alikataa kumpa nyingine. “Mtu mmoja, buni moja. Yake ameila.”

Jioni vyungu vilimwagwa mezani. Kagaruki alimshinda Nathanael kwa kura moja. Kama wangelingana, uchaguzi ungerudiwa. Watu walipolitambua hilo walianza kupiga kelele.

“Kura ya mzee ihesabiwe!”

“Tumboni?” mtu wa Kagaruki akadakia. “Nani anajua angeitia wapi?”

“Kagaruki anajua,” Tata akasema, na kicheko kikawa kikubwa.

Lakini nyuma niliona panga limechomolewa kiunoni, na jingine. Karani alirudi nyuma ya meza. Alisema kama mtu yeyote ana malalamiko, atayapeleka kwa Bwana DC, na huenda kila kitu kikafutwa. Kagaruki akafuta jasho. Alijua kwamba kura ikirudiwa, hata waliomwogopa asubuhi hawatamwogopa tena, maana wameona ameponea buni moja tu.

Tata aliniambia nimsogeze mbele.

“Nathanael, mwanangu,” alisema, “wewe utasimama mwaka mwingine. Mimi sina mwaka mwingine. Utaniruhusu?”

Nathanael aliinamisha kichwa. “Nakuruhusu, Tata.”

“Basi, Kagaruki, sina malalamiko. Kiti ni chako. Lakini umekipata kwa mdomo wangu. Waambie watu hawa utafanya nini na kibanja changu.”

Kagaruki alisema jambo kwa sauti ndogo, macho yake yakiwa chini.

“Mimi ni kipofu, siwezi kuusoma mdomo wako,” Tata akasema. “Sema mkungu asikie. Karani asikie. Na wale wa nyuma kabisa, wenye mapanga.”

Niliushika mkono wa Tata, nao ulikuwa baridi. Ee Bwana, mfungue Kagaruki kinywa.

Kagaruki akainua kichwa, na safari hii sauti yake ilifika barabarani: “Mimi Kagaruki, mbele yenu nyote, naahidi: kibanja cha Kashaija sitakigusa, wala mtoto wangu hatakigusa, mzee huyu awe hai au awe amezikwa ndani yake.”