Robo Saa Kwenye Siki

"Sinia la mama lilikuwa la manjano!" wifi mtu alisema kwa mara ya tatu, akiligonga kwa ukucha. "Hili ni jekundu. Na wala sitii chumvi."

Bi Kipimo, mke wa kaka yake na mwenye nyumba, aliposikia neno chumvi akageuka kutazama dirishani.

"Dada yangu, mimi nitalipeleka wapi sinia la watu?" Mama Povu aliuliza. Mikono yake ilikuwa bado na povu la sabuni, lile lile lililompa jina. Alikuwa akifua nguo za nyumba hii kila Jumanne kwa miaka sita, na hakijawahi kupotea hata kifungo.

"Sokoni! Umelibadilisha na hili la bei chee ukadhani hatuna macho. Nimeshampigia mama. Kasema usikanyage tena hapa."

"Wifi, punguza sauti," Bi Kipimo akasema. Basi, hilo tu.

Jina la Bi Kipimo walimpa majirani. Stashahada yake ya chuo ilikuwa imetundikwa sebuleni, na kwake kila kitu kilikuwa na kijiko chake. Mama mkwe alipomwazima sinia la shaba kwa ajili ya wageni, Mama Povu alimwambia, "Limau na majivu tu, mama. Dakika tano linang'aa." Bi Kipimo alicheka mpaka akashika mbavu. Majivu! Alipima vikombe vinne vya siki na vijiko vitatu vya chumvi, akalizamisha sinia kwenye beseni kule stoo. Robo saa. Wageni wakapiga simu kwamba hawaji tena, akaingiwa na hasira, akalisahau. Robo saa ikawa siku tatu. Alipolitoa lilikuwa jekundu kama ufizi. Siki ilikuwa imeila rangi ya manjano ya juu. Alilifuta, akalifungia kabatini, akafunga na mdomo, mpaka leo wifi alipokuja kulichukua.

"Mbona hajitetei?" wifi mtu akauliza. "Mtu msafi hupiga kelele."

Mama Povu hakupiga kelele. Alikuwa akimtazama Bi Kipimo, na ndipo Bi Kipimo alipokumbuka kuwa beseni hajalimwaga. Liko stoo, na ndoo za kufulia zinakaa stoo. Mama Povu ameliona leo asubuhi. Anajua yote, na hasemi. Anamngoja mwenyewe aseme.

Uso ulimwaka moto.

Mama Povu akajifuta mikono kwenye nguo yake, taratibu, kidole kwa kidole. "Haya, mama, mimi naenda. Zile nyeupe zako ziko kwenye maji ya dawa ya madoa. Zisuuze sasa hivi. Ukiziacha zikalala humo, zitaharibika."

Hakulisema kwa kejeli. Afadhali angekejeli.

Bi Kipimo alikwenda stoo mbio mbio. Alirudi na beseni, maji yake yamegeuka kijani, akalibwaga mezani mpaka yakamrukia kifuani.

"Nusa, wifi."

"Siki?"

"Siki na chumvi. Sinia ni lile lile. Mimi ndiye niliyeliacha humu siku tatu. Huyu hajaligusa hata kwa kidole."

Wifi mtu aliinama akanusa tena. Kisha akasema, "Na muda wote umesimama hapo, mimi namwita mtu mzima mwizi?"

"Nimesimama hapa hapa."

Bi Kipimo akachota majivu jikoni, akakata limau, akaanza kusugua ukingo wa sinia. Alisugua vibaya, kama mtu anayefuta ubao. Doa la manjano likatokeza, dogo kama kifungo.

"Zungusha mkono, mama," Mama Povu alisema kutoka mlangoni. Hakusogea karibu.

"Nisamehe, dada. Nilikuwa naona aibu."

"Ya sinia?"

Bi Kipimo aliweka limau chini, na kwa mikono iliyojaa majivu akaichukua simu ya wifi yake mezani, akampigia mama mkwe, akafungua sauti ili wote wasikie.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mkweo. Sinia halijaibwa. Nimeliharibu mimi, halafu nikanyamaza mwenzangu akiitwa mwizi. Huyu hapa yuko mlangoni, anakusikia. Mwambie arudi."