Mbao Juu ya Keria

Tangu Jumatatu Zedekiah Were alikuwa amekwisha kuichagua keria yake, fremu ya chuma ya kubebea mizigo juu ya gari. Ilitundikwa ukutani katika duka moja la vipuri karibu na River Road, nyepesi, inang'aa kama sufuria mpya, ya kushikizwa kwenye kingo za paa la gari. Land Rover yake aliinunua kwa mzungu mmoja wa mtaa wa Karen aliyekuwa akirudi kwao, na paa lake lilikuwa bati la kufungwa kwa bolti. Zedekiah ni seremala. Miaka saba alisukuma mbao kwa mkokoteni hadi karakana yake nyuma ya Kenyatta Market, na mtu wa namna hiyo akipenda kitu kinachong'aa, mwacheni apende.

Jumatano madaktari wakamwita mkewe, Caren. Wakamwambia kwamba dawa ya mama yake haipo tena, heri apelekwe nyumbani.

Mama Nanyama mwenyewe alitaka jambo moja tu: afike Kimilili akiwa hai, azikwe kando ya mumewe baada ya kuliona boma lake kwa macho yake. Hakuweza tena kuketi, kwa hivyo basi na treni havikufaa. Land Rover ingemchukua akiwa amelala kwenye godoro.

"Nani ataendesha?" akauliza.

"Baba Joash," Caren akajibu, kwa maana hivyo ndivyo alivyomwita mumewe.

Mama Nanyama akageukia ukuta. "Basi mimi siendi."

Wako watakaocheka hapa. Wacheke, lakini wakimaliza wasikilize. Kwao Mama Nanyama, mkwe na mama wa mke hawapeani mikono, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Miaka kumi na minne Zedekiah hakuwahi kumgusa yule mama hata kidole. Mama alipokuja mjini alikaa kwa mpwa wake huko Kawangware, na wakisalimiana, kila mmoja alisalimia ardhi.

"Mama, gari si nyumba," Caren akambembeleza.

"Lina paa, lina milango. Nikilala humo naye yumo, tumelala nyumba moja. Nimevaa heshima miaka sabini. Unataka niivue wiki hii ya mwisho?"

Caren alimpelekea mumewe maneno hayo huku akilia. Oloo, jirani yao ambaye angeweza kuendesha, alikuwa safarini Mombasa hadi wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo hakuna aliyeweza kumwahidi mgonjwa. Zedekiah hakumlaumu mama mkwe. Alitoka nje, akaliangalia gari lake kwa muda mrefu, kisha akarudi ndani.

"Mwambie Mama paa linatoka," akasema. "Atasafiri chini ya mbingu, na mbingu hatukujenga sisi."

Mama Nanyama alipoambiwa hivyo alifikiri, akakubali.

Sasa, paa likitoka, keria ya dukani itashika nini? Alhamisi asubuhi Zedekiah akaenda kwa Wainaina, fundi wa kuchomelea vyuma pale pale sokoni. Wainaina alilizunguka gari mara mbili, akilibishabisha kwa kidole.

"Hiyo ya River Road wacha ikae huko," akasema. "Hata paa ikiwa hapo, mimi singeweka mzigo juu yake. Hii paa ni kofia tu, Were. Nani hubeba gunia kwa kofia? Mzigo lazima ishuke kwa mifupa ya gari."

"Nataka isimame yenyewe, bila paa."

"Itasimama. Unabeba nini?"

"Mbao."

"Ya kutengeneza nini?"

Zedekiah akatazama upande wa karakana yake. "Ya Mama," akasema.

Wainaina akazima sigara yake. Kufikia jioni keria ilikuwa tayari: miguu minne ya bomba la chuma, miwili imefungwa kwenye bampa ya mbele na miwili kwenye pembe za nyuma, na juu yake vyuma vya kukingama vilivyoachana kiganja kwa kiganja. Ilikuwa mbaya kama kitanda cha jela, rangi bado mbichi. Zedekiah akajining'iniza juu yake kwa mwili wake wote na haikutikisika.

Mbao zenyewe zilikuwa mvule, sita, alizozipiga randa mwenyewe hadi kingo zikakutana bila hata kupitisha wembe. Nina haja ya kueleza ni kwa nini. Baba yake Caren alipokufa mwaka wa sitini na nne, Zedekiah alikuwa kibarua asiye na kitu, na mzee yule alizikwa ndani ya mbao za makasha, jina la sabuni bado linasomeka ubavuni. Mkwe wake seremala amesimama hapo, mikono mitupu. Hakuna aliyemsema. Heri wangemsema, kwa sababu ule ukimya ulimkaa kooni miaka tisa.

Zedekiah alimwambia Caren kwamba mbao zile ni za madawati ya shule ya Kimilili. Caren aliamini, au aliamua kuamini. Zedekiah akazipandanisha kwanza katikati ya keria, mbingu ikabaki wazi kila upande, akapandisha juu yake sanduku, kigoda na mabunda ya Mama, akafunika yote kwa turubai na kukaza kamba. Alizificha mbao zile kwa mtu wa kando na mtu wa juu. Mtu wa chini hakumfikiria.

Ijumaa asubuhi wakamchukua Mama hospitalini. Wauguzi walimlaza nyuma, Caren kando yake, na shuka likatundikwa nyuma ya kiti cha dereva. Zedekiah alikuwa amekigeuza kioo cha katikati kitazame pembeni, asije akamwona kwa bahati mbaya. Akaingia Ngong Road taratibu, akikwepa kila shimo.

Walipopita Adams Arcade, Mama Nanyama alikuwa akizungumza, akimwambia Caren kwamba mjini kumbe kuna miti mingi hivi, yeye hakupata kuitazama. Walipofika Dagoretti Corner akanyamaza. Zedekiah akasikia ule ukimya mgongoni, akaogopa. Hakuweza kugeuka. Akaendelea kuendesha huku akiomba kimoyomoyo.

Walipofika Uthiru, mvua ya masika ikawakuta. Matone makubwa, mazito, yakipiga boneti. Zedekiah akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akasimama akiwapa mgongo. Paa la bati alikuwa ameliacha karakanani, na hata lingekuwepo lisingefaa. Kurudi mjini ni kumrudisha Mama afie mjini. Kuendelea ni kumuua kwa baridi kabla ya Naivasha. Akili yake ilikuwa imegota.

Ndipo akaisikia sauti ya Mama, dhaifu lakini safi. "Caren, muulize mwenye gari, zile mbao za juu ni mvule?"

Caren akainua macho. Kati ya chuma na chuma mbao zilionekana wazi, za hudhurungi. Tangu Nairobi Mama alikuwa amelala chali chini yake. Zedekiah akatamani ardhi immeze.

"Mwambie ni mvule," akasema.

"Mwambie nimezitazama tangu Adams. Hakuna dawati la mtoto lenye ubao mpana vile." Mama akapumzika kidogo. "Mwambie zile za sabuni hazikuwa kosa lake. Mtu hupiga randa alichonacho. Mimi sikuwahi kumhesabia, hata siku moja. Sasa asione haya. Azipange hapa juu yangu, azibananishe, mvua isinipate. Nitalala chini yake baadaye. Wacha nianze leo."

Caren akajifunika uso. Zedekiah akapanda. Akashusha sanduku na kigoda, akazivuta mbao zote sita hadi nyuma, akazibananisha ubao kwa ubao, akazikaza kwa kamba, kisha akalitundika turubai pembeni kuzuia upepo. Juu ya kiti chake palibaki wazi.

"Turubai linatosha kufika mbele," Caren akasema. "Utaloa, Baba Joash."

"Hiyo ni nyumba ya Mama," akamjibu. "Mimi niko nje."

Akaendesha hivyo, mvua ikimpiga kichwani na kumwagika kifuani, watu wa barabarani wakimshangaa. Karibu na Limuru Caren akamgusa bega kupitia shuka.

"Mama anasema nikwambie hazivuji."

Zedekiah akalia, na kwa jinsi alivyolowa hakuna aliyejua. Walifika Kimilili jioni hiyo, naye Mama Nanyama akaliona boma lake. Aliishi siku nne. Zedekiah alipozipiga randa tena zile mbao alitoa madoa yote ya mvua, isipokuwa ya kifuniko cha jeneza. Waliomuuliza ni fundi gani huyu wa Nairobi anayeacha madoa, aliwajibu kwamba mwenye nyumba alikwisha kulizoea paa lake.