Karatasi ya Futari

Najiat alitoka mtaani kwao Ipuli kwa miguu, amevimba kwa hasira. Tangu kiwanda cha kukamua mafuta kiwashe tanuri nyuma ya nyumba yao, mama yake, Bi Maua, hakuweza tena kulala chali. Anashinda kitini, anakohoa mpaka macho yanamtoka. Nguo unaanika nyeupe, unaanua za kijivu. Na mle ndani wanachoma nini? Matairi, jamani! Mchana kweupe!

Katika ofisi ya mazingira alimkuta Bwana Revocatus, mtu mzima mpole mwenye miwani. Baada ya shikamoo na marahaba, akamwaga yote.

"Wana kibali, binti yangu."

"Kibali cha kuua watu?"

"Cha kutoa moshi, miaka mitatu. Na hawakipati mpaka majirani waridhie. Nyie mliridhia."

"Nani? Nitajie hata mmoja!"

Akafungua faili, akamgeuzia.

Lo! Kabla hajasoma jina hata moja aliutambua mwandiko: ni wake yeye. Majina sitini na mawili, kila moja na sahihi au dole gumba pembeni. La kwanza, Maua binti Rashidi.

Ramadhani iliyopita kiwanda kilileta futari mtaani: tende, sukari, unga wa ngano. Meneja akaomba mtu mwenye mwandiko mzuri awaandikishe wanaopokea, na Ipuli nzima nani ana mwandiko kumshinda Najiat? Akaketi barazani, akaandika kwa madaha. Vikongwe akawashika vidole mwenyewe, akawachovya wino. Juu ya karatasi aliachiwa nafasi wazi, wala hakuuliza ya nini. Sasa pale palikuwa na maneno ya kupigwa chapa: *Sisi majirani tumeridhia moshi wa kiwanda.*

"Hii ya futari!" alipiga kelele. "Wallahi hii ni ya futari!"

Bwana Revocatus alivua miwani, naye ameduwaa. Mwishowe akaandika karatasi nyingine, ya kukana. Wakiitia sahihi watu wale wale, alisema, kibali kitaangaliwa upya.

Najiat alirudi mbio. Kwa jirani yake Doto alieleza kila kitu, hakuficha, machozi yanamtiririka.

Doto alimtazama kama hamjui. "Kumbe ni wewe! Tulidhani tumepewa sadaka, kumbe umetuuza. Na leo unataka tena sahihi yangu? Toka hapa!"

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu hawakufungua kabisa. Mpaka alasiri karatasi haikuwa na jina hata moja, na Najiat alijichukia.

Akaingia kwao. Alimweleza mama yake yote, akapiga magoti, akamfungulia kidau cha wino.

"Dole tu, mama. Ukianza wewe, na wengine watafuata."

Bi Maua, ambaye hakusoma hata darasa moja, aliitazama ile karatasi huku kifua kikimkoroma. Mkono akauficha ndani ya kanga.

"Mwanangu," alisema, akivuta pumzi kila neno, "niitie kwanza mtu mwingine anisomee."