Zimwi Aliyeikataa "Li"

Zimwi aliingia ofisini kwa wachapishaji wa vitabu Jumanne saa nne asubuhi, akajiandikisha kwenye daftari la wageni, na pale palipoandikwa "shughuli" akajaza: malalamiko. Mpokezi akamwelekeza mlango wa pili kushoto, kwa msahihishaji.

Msahihishaji alikuwa mwanamke aliyekaa kwenye meza ile miaka kumi na tisa akiwinda koma. Mbele yake kilikuwapo kitabu cha viumbe wa hadithi, nunda, nguva, joka la vichwa saba, kilichochapwa wiki iliyopita kikiwa na jina la mdogo wake kwenye jalada. Hadithi zote alizisimulia yeye, utotoni, wamejifunika shuka moja, mdogo mtu akidai nyingine na nyingine. Jina lake halikuwamo hata kwenye shukrani. Alipouliza, mdogo mtu alicheka, akamwambia hadithi hazina mwenyewe. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Basi kabla kitabu hakijaenda mtamboni, kila palipoandikwa "zimwi akala" alifuta, akaandika "zimwi likala". Alijua fika kwamba mwenye pumzi ni a-. Alitaka tu mkono wake nao uwemo.

Zimwi aliketi, kiti kikalia. Alisema yeye ana mke, ana wakwe, na kuitwa "li" kama jembe ni kumvunjia heshima ukweni. Msahihishaji akamkumbusha kwamba hata wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zimwi akajibu kwamba wahenga amewavumilia siku nyingi.

"Nani mwenye kitabu?" akauliza.

Msahihishaji alilielewa swali. Lisilokujua, samahani, asiyekujua, hukumaliza. Angeweza kunyamaza.

"Mdogo wangu," akasema. "Chumba cha mwisho, anatia sahihi nakala."

Tusimtafutie udhuru. Alisema hivyo moyo umetulia tuli, akachonga penseli.

Baada ya dakika tano zimwi alirudi, tumbo vilevile, kwapani ana nakala yenye sahihi. Mdogo mtu alikuwa amempokea vizuri, hata chai alimpa.

"Amesema hadithi ni zake," zimwi akaeleza. "Kosa ndilo lako."

"Kosa ni langu, kweli."

"Na sauti yako naijua tangu hujang'oka jino la kwanza. Wewe siwezi kukumaliza."

Akamla kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulishika kalamu. Akafuta mdomo, akasema atasubiri papo hapo toleo la pili, ahakikishe.

Toleo la pili lilitoka na a- kila mahali. Gazeti likamsifu mwandishi kwa kumrudishia zimwi utu wake. Dada mtu aliisoma habari hiyo mara tatu, wivu ukimpanda hadi masikioni, kisha akaipachika koma iliyokosekana kwenye sentensi ya pili.

Jioni ya siku hiyo mdogo mtu alikuja na gazeti lake mwenyewe. Aliuliza kile kidole kimekwenda wapi, akaambiwa, akasema pole sana dada. Halafu akavuta kiti karibu na zimwi, akamwomba asogee kidogo, akafungua daftari.

"Dada, huna nyingine?"

Dada mtu aliviangalia vidole vyake tisa. Akaanza kusimulia.