Mzungu Aliyetangulia Kusema

Jumamosi moja ya mwaka 1973, Filomena alikuwa uani kwake Temeke akichambua mchele, mzungu akatokea ukutani, akapangusa chokaa begani, akaingia sebuleni na kukaa kwenye kiti cha mumewe. Alivaa koti la sufu na kola ngumu. Alikuwa marehemu tangu enzi za babu zao. Filomena alimuuliza kama anakunywa chai. Hakunywa.

"Mbona haamkii?" aliuliza Bibi Bernadeta, mama mkwe wake, kutoka mkekani.

"Ni wa kazini huyo, mama," alisema Albano, mumewe Filomena. Alimjua kwa picha, kutoka vitabu alivyosomea Ulaya.

Daktari Albano alifundisha uhusiano wa mataifa chuoni. Alikuwa Mngoni, na kwa miaka alikuwa akiilea fikra yake moja, kwamba mataifa yakitaka amani yajifunze utani. Zamani Wangoni waliwavamia Wangindo, wakabeba watu na mazao. Leo wajukuu wao wanatukanana huku wanacheka, na mmoja akifa, mwenzake ndiye anayemzika.

"Huo nao ni mkataba," aliwaambia wanafunzi. "Tena hakuna aliyetuandikia."

Tangu Jumamosi ile hakuweza kusema hivyo tena. Kila alipogusa habari za utani, ulimi uliganda mpaka mzungu asimame kwanza, akohoe, aeleze jinsi dola zinavyoviziana. Alipomaliza, kipindi nacho kilikuwa kimekwisha. Albano akajaribu kuandika. Wino haukutoka mpaka aanze na jina la mzungu, na ukitoka uliishia hapohapo.

Alimwendea mkuu wa idara, Profesa Elinaza.

"Wako ni mmoja tu?" aliuliza profesa. "Wangu wawili, na hawapatani. Utazoea, Daktari."

Redioni walihimiza kujitegemea. Albano alizima redio, akawa anakaa jikoni na wanawake, maana sebuleni hapakuwa na nafasi.

Masika yalipokwisha, Bibi Bernadeta alifariki. Makaburini walikuja majirani wa dini zote. Padri alipomaliza sala, Jamali, Mngindo wa nyumba ya tatu, fundi cherehani, alijitosa kaburini na viatu vyake, akajilaza chali.

"Mie sitoki!" alisema. "Bibi huyu babu zake walikula mahindi yetu yote. Sasa anataka na udongo? Halali mtu humu!"

Waombolezaji wakacheka, wengine huku wanajifuta machozi. Bibi mwenyewe alikuwa amemchagua Jamali kwa kazi hiyo, akiwa bado mzima.

"Albano! We mla mbwa, niombe kwa mdomo wako, nitoke!"

Albano alisogea ukingoni. Jibu alikuwa nalo. Mama yake alikuwa amemfundisha tangu utotoni, tusi tamu la kumrudishia mtani. Alifungua kinywa. Ulimi haukwenda.

Akina mama walisogea kidogo kumpisha mzungu. Alikuja taratibu, akasimama kichwani pa jeneza, akakohoa. Kisha akaeleza kwamba binadamu kwa asili ni adui wa binadamu, na kwamba pasipo mwenye nguvu hapana amani. Alieleza kwa kirefu. Jua lilipanda. Wabebaji waliliweka jeneza chini, wakalibeba tena, wakaliweka. Padri aliitazama saa yake. Albano alisimama kinywa wazi, jasho likimtiririka, na neno la mama yake limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mle chini Jamali alisikiliza mpaka akachoka. Akainuka mwenyewe, akashika mkono wa mtu, akapanda juu. Alijikung'uta udongo, akamjia Albano na kumpa mkono.

"Pole sana, ndugu," alisema kwa adabu.

Walijuana miaka tisa, na Jamali hakuwahi kumwita ndugu wala kumwonyesha adabu. Albano aliutikisa ule mkono. Alihisi kama amefiwa mara ya pili.

Wakashusha jeneza, wakafukia. Mzungu alimaliza wakati majembe yanafutwa. Ulimi wa Albano ukalegea, naye akalisema lile tusi, lote, vizuri kabisa. Jamali alikuwa ameshafika barabarani.

Arobaini ilipopita, Filomena alifua mashuka ya chumba cha marehemu, akayaanika, akatandika kitanda.

"Karibu," alimwambia mzungu. "Huku hakuvuji."