Vyumba Vitatu vya Cornel

Cornel alipanga chumba kimoja Chang'ombe ya Dodoma, na ndani ya chumba hicho mlienea kitanda, jiko la mafuta ya taa na mke. Lakini siku ya kupeleka posa kijijini Kolo, alimwagiza mshenga aseme kwamba kijana ana nyumba ya vyumba vitatu, Area C, yenye bomba la maji ndani. Mshenga akasema. Wakwe wakapunguza mahari kidogo, maana binti yao hakwenda kuteseka, na Cornel akarudi Dodoma akijiona mjanja kuliko waliomzaa. Uongo wa namna hiyo wameusema wengi na haukuwafanya kitu. Wa kwake ulimngoja miaka miwili, ukimnyemelea taratibu.

Mama mkwe wake, Dorothea, akashikwa na mtoto wa jicho. Akatuma salamu kwa dereva wa basi la Kondoa: anakuja mjini kufanyiwa upasuaji, atafikia kwa mwanawe Hana, na atakaa mpaka jicho lipone.

Sasa, huko walikolelewa wote wawili, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakiwa na la kuambiana, hulipitisha kwa binti, hata kama wamesimama hatua mbili. Kulala naye chumba kimoja, kanga ikining'inia katikati, ni jambo ambalo Cornel akiliwaza tu masikio yalimwaka moto.

Akaanza kutafuta vyumba. Zilikuwa siku za soko huria, kila aliyeweza kusimamisha kuta nne alijiita mwenye nyumba na bei akaipanga anavyotaka. Huko Mkonze alionyeshwa vyumba viwili safi kabisa, lakini mwenyewe alitaka kodi ya mwaka mzima mkononi. Kule Msalato mzee mmoja alitaka ya miezi sita, kisha akamuuliza kama yeye ni mbunge, kwa sababu Bunge lilikuwa linakaribia na wabunge hawaombi kupunguziwa. Cornel alikuwa karani. Mshahara wake ulikuwa ukifika umeshachoka.

Ndipo alipoukumbuka ufunguo. Mkuu wake wa idara, Bwana Ambokile, kama wakubwa wengi wa wakati ule, kwenye karatasi alikuwa Dodoma na mwenyewe alikuwa Dar es Salaam. Nyumba aliyopewa na serikali ilikuwa hiyo hiyo Area C, vyumba vitatu, bomba ndani, na alilala humo wakati wa vikao tu. Siku nyingine zote Cornel ndiye aliyefungua madirisha na kumwagilia maua.

"Tumwambie mama ukweli," Hana alisema. "Atalala kwa jirani, kwa mama Jenifa. Mama yangu hana makuu."

"Unataka nivuliwe nguo mbele ya mkwe?"

"Utavuliwa tu, Cornel."

Hakusikia. Wakahamia na sufuria zao. Mama Dorothea alitolewa hospitali jicho moja limefungwa bandeji, akiwa ameonywa asiiname wala asinyanyue kitu kizito. Akapewa chumba cha uani. Kupitia kwa Hana alishukuru kwa nyumba nzuri, na Cornel akakohoa kikubwa, kikohozi cha mwenye mji.

Siku ya tatu, alasiri, Hana alikuwa ameenda sokoni. Cornel alikuwa amejitandaza kwenye kochi la Bwana Ambokile, na singleti yake, miguu juu ya meza, akisoma gazeti. Gari likasimama nje. Kabla hajapata kuvaa shati, mlango ulifunguliwa.

"Cornel," alisema Bwana Ambokile, mkoba mkononi. Alizungusha macho sebuleni, akaiona mikeka, akanusa mboga jikoni. "Umehamia kwangu?"

Cornel alifungua mdomo. Alimwona Bwana Ambokile akimngoja, akayaona mashati yake mwenyewe yamening'inia dirishani. Kazi ilikuwa imekwenda. Wakati huo serikali ilikuwa ikipunguza watumishi hata wasio na kosa.

"Ni mimi, bwana," ilisema sauti kutoka koridoni.

Mama Dorothea alikuwa amesimama kwenye korido, kitenge amekifunga kiunoni, ufagio mkononi. Mtaji wake wote wa uzee na heshima alikuwa ameuacha chumbani.

"Karani wako aliniita nifue na kufagia kabla hujafika. Nikamwomba nipike humu humu, natoka mbali. Mashati yake pia nimemfulia. Utusamehe."

"Jicho limefanyaje?"

"Linauma kidogo tu, bwana."

Bwana Ambokile, ambaye angeweza kuwa mwanawe wa kwanza, hakumpa hata shikamoo. Alilegea, akaweka mkoba chini. "Haya. Sasa fagia na chini ya kochi hapo, kuna vumbi la mwezi mzima."

Cornel aliinuka kupisha. Mama mkwe wake akapiga magoti mbele ya miguu yake, akainama, bandeji ikielekea sakafuni, akaingiza ufagio mpaka kwenye pembe. Neno moja lingetosha kumsimamisha. Cornel alilijua neno hilo, akalimeza. Akasogeza meza ili ufagio upite vizuri. Aibu ilimpanda kuanzia nyayo, akatamani sakafu ile aliyokuwa akifagiliwa immeze.

Alipomaliza, Bwana Ambokile alimpa noti ya mia tano. Aliipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akaenda kufunga mzigo wake.

Wakatoka. Mama mbele na kifurushi chake, Cornel nyuma na sufuria, mbali kiasi cha adabu. Walikutana na Hana njiani anarudi na kikapu. Hana alitazama bandeji, akaona imelowa pembeni, akampokea mama yake mzigo.

"Mama alijua nyumba si yangu?" Cornel alinong'ona.

"Nilimwambia hospitalini, siku ile ile alipotolewa. Akasema tukuache ufurahi, vyumba utatafuta polepole."

Mama Dorothea alikuwa amewapa mgongo, akitazama barabara. Akafungua pindo la kitenge, akatoa ile noti.

"Hana," alisema, "mpe mumeo. Mwambie aongezee kwenye kodi, apate japo chumba cha pili. Na usiku wa leo nitalala kwa huyo jirani yenu, asihangaike."

Hana aliichukua, akamnyooshea mumewe bila kumtazama. Noti ilikuwa na vumbi la chini ya kochi. Kodi ya chumba cha pili ilikuwa bado haijapatikana, na mwisho wa mwezi ulikuwa mbali.

Cornel akaweka sufuria chini, akaipokea.